Betri ikichoka, udongo unaonekana umekauka

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja huku Mpunguzi, Dodoma. Klabu yetu ya sayansi ina bodi ya Arduino Uno na sensa ya unyevu wa udongo, ile bapa nyeusi isiyo na chuma kilicho wazi. Tunataka ikae kwenye shamba dogo la zabibu la shule, ipime kila saa na kuhifadhi namba kwenye EEPROM, ile kumbukumbu ya chipu yenyewe isiyofutika umeme ukikatika. Shambani hakuna umeme. Tuna betri za lithiamu za 18650 tulizozitoa kwenye laptopu mbovu, kila moja volti 3.7. Tulipoiunga moja kwenye pini ya VIN, taa iliwaka kwa kufifia na bodi ikawa inajizima na kuwaka. Tukahamia pini ya 5V, ikafanya kazi vizuri siku mbili. Siku ya tatu tukakuta namba zinapanda kana kwamba udongo unakauka, na jana yake tulikuwa tumemwagilia. Kibaya zaidi, baadhi ya namba za siku ya kwanza zimebadilika. Je, bodi hii inaruhusiwa kutumia volti ndogo kuliko 5? Tumeshaiharibu?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Hamjaiharibu. Chipu inaunguzwa na volti iliyozidi, nyaya zilizogeuzwa au pini iliyobebeshwa mzigo mkubwa. Volti pungufu haiunguzi chipu. Chipu ya Uno ni ATmega328P, na maelezo ya kiwandani yanaipa ruhusa ya kufanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 5.5. Kwa hiyo 3.7 imo ndani ya ruhusa. Ila ruhusa hiyo ina sharti ambalo watu wengi hawalisomi, na ndilo lililowachezea.

Kabla ya sharti hilo, kuna jambo la usalama ambalo sitaki wanafunzi walale bila kulijua. Betri ikiwa imeungwa kwenye pini ya 5V, msichomeke kamwe waya wa USB kutoka kwenye kompyuta. Pini hiyo na umeme wa USB vinakutana kwenye njia moja ya shaba, kwa hiyo volti 5 za kompyuta zitaingia moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu, ambayo mwisho wake wa kuchajiwa ni 4.2. Hakuna kitu kitakachosimamisha chaji hiyo. Betri ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inavimba, inapata moto, na inaweza kulipuka. Mkitaka kupakia programu, betri itoke kwanza. Andikeni kwa makapeni juu ya boksi.

Sasa VIN. Umeme ukiingia hapo unapita kwenye reguleta inayotengeneza volti 5, na reguleta ya aina hiyo huchukua karibu volti 1 kama ushuru wake. Ndiyo maana Uno hutakiwa kupewa 7 hadi 12 upande huo. Ninyi mkampa 3.7, akakata ushuru, upande wa pili ikatoka kama 2.7. Ndani ya chipu kuna mlinzi anayeizima volti ikishuka chini ya kiwango alichowekewa, na kwenye Uno kiwango hicho ni hiyo hiyo 2.7. Ikishuka kidogo anazima, ikipanda kidogo anawasha. Kule kuzima na kuwaka mlikokuona ni mlinzi akifanya kazi yake vizuri. Mlipohamia pini ya 5V mliikwepa reguleta, chipu ikapata volti zote za betri. Uamuzi ule haukuwa mbaya.

Sharti lenyewe ni hili: volti na kasi ya chipu vinakwenda pamoja. Uno ina kristali ya megahezi 16, yaani kipande kinachopiga mapigo milioni 16 kwa sekunde kuongoza mwendo wa chipu. Kwa maelezo ya kiwandani, chipu hii inaruhusiwa kwenda hadi megahezi 20 ikiwa na volti 4.5 au zaidi, hadi 10 ikiwa na 2.7, na hadi 4 tu ikiwa na 1.8. Kati ya vituo hivyo chora mstari ulionyooka. Ukipiga hesabu ya 16 kwenye mstari huo unapata volti 3.78. Chini ya hapo, Uno inakimbizwa kuliko inavyoweza.

Kwa nini iwe hivyo? Wape wanafunzi mfano wa bombani. Ndani ya chipu kuna mamilioni ya matukio ya kujaza na kumwaga vindoo vidogo vya chaji, na kila pigo la kristali ni kengele inayosema ndoo iondoke, inayofuata iwekwe. Presha ya maji ikiwa nzuri, ndoo inajaa kabla ya kengele. Presha ikishuka, kama siku za mgao, maji bado yanatoka ila kidogo kidogo, na kengele inalia palepale kama kawaida. Mtu anaondoka na ndoo nusu. Kwenye chipu, ndoo nusu ni moja iliyosomwa kama sifuri. Haiungui, haitoi moshi, wala haisemi kitu. Inakosea hesabu kimyakimya.

Sasa linganisha namba mbili nilizokutajia. Uno inahitaji 3.78 ili isikosee, na mlinzi wake anaizima ikifika 2.7. Kati ya hapo kuna zaidi ya volti nzima ambamo bodi iko nje ya uwezo wake na hakuna anayeizuia. Betri yenu ikijaa ina 4.2. Inashuka haraka hadi pale 3.7, halafu inakaa maeneo hayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Yaani mmeikalisha bodi ndani ya pengo hilo siku nzima na usiku kucha. Mara nyingi itafanya kazi, kwa sababu kiwanda huacha nafasi ya usalama, hasa chipu ikiwa haina joto. Lakini siku moja mchana wa Oktoba, chipu ina joto na betri imeshuka, itatekeleza amri ambayo hamkuiandika.

Na amri ikikosewa wakati EEPROM inaandikwa, namba inakwenda kwenye nafasi isiyo yake. Hapo ndipo zilipokwenda namba zenu za siku ya kwanza. Hili nalijua kwa maumivu. Niliwahi kutengeneza mashine ya kutotolea vifaranga kwa chipu hii hii, nikahifadhi joto la kulenga, 37.7, kwenye EEPROM. Umeme wa nyumba ulikuwa unakatika na kurudi, na kila ukikatika volti ilikuwa inateremka polepole kwa sababu ya kapasita kubwa niliyoiweka kwa ujanja wangu. Siku moja nikakuta lengo linasoma namba ambayo hata kuku wa jangwani asingeivumilia. Mayai yote yalikuwa yameiva. Tangu siku hiyo kitu muhimu nakihifadhi mara tatu kwenye nafasi tofauti, kisha nalinganisha ninapokisoma, na mlinzi wa volti simzimi chipu inapofanya kazi.

Namba kupanda ni habari nyingine kabisa, haina uhusiano na kasi, na nadhani ndiyo itakayowapendeza wanafunzi zaidi. Chipu haipimi volti ya sensa kama multimita inavyopima. Inauliza tu: volti hii ni sehemu gani ya volti yangu ya kulia chakula? Jibu linatolewa kwa kipimo cha 0 hadi 1023. Sensa yenu nyeusi kwa kawaida ina reguleta yake ndogo, kwa hiyo volti inayotoa haitikisiki sana betri ikishuka. Tuseme udongo haujabadilika na sensa inatoa volti 2.0. Betri ikiwa 4.2, chipu inasoma 2.0 gawanya kwa 4.2, mara 1023, sawa na 487. Betri ikishuka hadi 3.6, volti 2.0 zile zile zinasomwa 568. Na sensa hizi zinatoa volti kubwa udongo ukiwa mkavu. Umeona mchezo? Betri ilikuwa inachoka, nanyi mkadhani udongo unakauka. Mngefuata namba hizo kwa uaminifu, mngeumwagilia maji mzabibu ambao hauna kiu.

Dawa yake ipo ndani ya chipu yenyewe. Kuna chanzo kidogo cha volti 1.1 ambacho hakifuati betri. Njia ninayoipenda ni kuipindua hesabu: unaiambia chipu ipime hiyo 1.1 kwa kutumia betri kama kipimo, na namba inayotoka inakuambia betri iko wapi. Zidisha 1.1 kwa 1023, gawanya kwa namba uliyosoma. Ukisoma 268, betri ni 4.2, ukisoma 312, imebaki 3.6. Ukishaijua volti ya betri, unairudisha namba ya sensa kwenye volti halisi na hadithi inaisha. Tahadhari moja tu: kile chanzo hakiwi 1.1 kamili kwenye kila chipu, kinaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2. Pimeni betri kwa multimita mara moja, muisahihishe namba hiyo kwenye programu, na chipu hiyo mmeimaliza. Ni kipindi kizuri cha fizikia hicho, dakika 40 zinatosha.

Mfanyeje sasa? Wengi watawaambia mnunue kibodi cha kupandisha volti, betri iingie na 3.7 itoke na 5. Kinafanya kazi, na kama mngekuwa na rile ya volti 5 ya kuwasha pampu ningewaambia mkichukue. Kwa kazi yenu ni kumbebesha punda mzigo wa gari. Kibodi chenyewe kinakula umeme hata pasipo kazi, halafu Uno inayokipokea nayo inakula. Uno nzima hutumia kama miliampea 45 ikiwa imekaa tu, kwa sababu ya taa yake, reguleta zake na chipu ya pili inayoshughulikia USB. Betri ya laptopu iliyobakiza miliampea-saa 2000 inamalizwa kwa chini ya siku mbili.

Ushauri wangu: Uno ibaki mezani kama chombo cha kufundishia, shambani iende chipu peke yake. Nunueni ATmega328P ile ndefu yenye miguu 28, inayokaa kwenye bredibodi, ule ubao wa kuunga saketi bila kulehemu. Mkiikosa hapa mjini Dodoma, Kariakoo haikosekani, na basi la asubuhi kutoka Dar linaifikisha jioni. Mguu wa 7 na wa 20 viende chanya ya betri, wa 8 na wa 22 viende hasi. Rezista ya kilo-omu 10 kutoka mguu wa 1 kwenda chanya. Kapasita za mikrofaradi 0.1, moja karibu na kila jozi ya miguu ya umeme. Wanafunzi watataka kuziacha kwa kuwa saketi itawaka hata bila hizo, usiwaruhusu. Hakuna reguleta. Betri ya 4.2 ikijaa bado iko chini ya 5.5, kwa hiyo chipu inaila moja kwa moja.

Kristali hamuihitaji pia. Chipu ina saa yake ya ndani ya megahezi 8, na kwa megahezi 8 mstari wetu unadai volti 2.4 tu. Rudi kwenye lile pengo: mlinzi anazima kwenye 2.7, chipu inahitaji 2.4. Sasa mlinzi anafika kabla ya hatari. Pengo limefungwa bila kuongeza kifaa chochote, kwa kupunguza mwendo tu.

Hapa kuna mitego miwili. Chipu mpya kutoka kiwandani huja ikiwa imepunguziwa mwendo hadi megahezi 1, na mlinzi wa volti akiwa amezimwa. Yote mawili yanabadilishwa kwenye zile sehemu za mipangilio ya kudumu ziitwazo fyuzi, na Uno yenu inaweza kuifanya kazi hiyo: mnaipakia programu ya mfano iitwayo ArduinoISP, inageuka kuwa kifaa cha kuandikia chipu nyingine. Chagueni saa ya ndani ya megahezi 8, na mlinzi wa 2.7. Mlinzi wa 4.3 yupo pia, lakini kwa betri ya lithiamu atawazimia chipu asubuhi ya kwanza.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila anayeanza huuliza: si tungeacha Uno ilivyo na kugawanya mwendo kwa amri ya programu? Amri ipo, ni clock_prescale_set, na inagawanya 16 kuwa 8. Ila inaanza kutumika baada ya programu yenu kuanza. Ile programu ndogo ya kuanzia, inayosubiri kuona kama kuna kitu cha kupakiwa, inakimbia kwa 16 kila bodi inapowaka. Tena delay, ile amri ya kusubiri, ya sekunde moja inakuwa mbili, na mawasiliano na kompyuta mliyoyaweka biti 9600 kwa sekunde yanatoka kwa 4800, ndipo watu wanaona herufi za kichina kwenye skrini na kulaumu waya. Kwa majaribio ya darasani inatosha. Shambani hapana.

Usahihi wa saa ya ndani si mkubwa. Inaweza kukosea hadi asilimia 10. Saa yenu moja inaweza kuwa dakika 55. Zabibu haijali. Mkija kutaka muda kamili, moduli ya saa ya DS3231 inakubali kuanzia volti 2.3, mtaiongeza baadaye.

Chipu ilale kati ya kipimo na kipimo. Ikiwa macho kwa megahezi 8 inakula miliampea chache; ikilala fofofo, ikabaki na kengele yake ya ndani tu, inakula mikroampea chache. Kengele hiyo ndefu kabisa ni ya sekunde 8, kwa hiyo hesabuni kuamka mara 450 mpate saa moja. Mlinzi wa volti anaweza kupumzishwa wakati wa kulala tu, programu ina amri ya kufanya hivyo, naye anarudi zamu chipu ikiamka. Chanya ya sensa ipeni umeme kutoka kwenye pini mojawapo ya chipu badala ya betri, ili nayo ilale. Inakula kama miliampea 5 na pini inazimudu. Iwasheni, subirini nusu sekunde, someni, izimeni. Ukipiga hesabu ya karatasi, betri ya 2000 inatoa zaidi ya miaka 20, jambo ambalo ni uongo mtupu kwa sababu betri kuukuu ya laptopu itajimaliza yenyewe zamani. Lakini msimu mzima kutoka kupogoa hadi kuvuna, haina shaka.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi: EEPROM ina nafasi 1024. Mkihifadhi namba moja kwa saa, baada ya kuigawanya kwa 4 ili itoshe kwenye nafasi moja, mnapata siku 42. Pimeni kila baada ya saa mbili mpate karibu miezi mitatu. Udongo wa Mpunguzi haubadiliki kwa saa moja hata hivyo. Na programu isiandike chochote betri ikiwa chini ya 3.5, maana hapo reguleta ya ndani ya sensa inaanza kukosa nafasi na namba zake hazina heshima. Ikifika 3.3 ilale moja kwa moja isiamke, kuilinda betri. Lithiamu iliyokaushwa kabisa ikachajiwa tena ni hatari.

Mkianza kuongeza vitu, kila kimoja muulizeni anakula volti ngapi kabla ya kumkaribisha. Sensa ya joto ya DS18B20 inakubali 3.0 hadi 5.5, haina shida. Redio ya nRF24L01 mwisho wake ni 3.6, kwa hiyo betri iliyojaa itaiua. Hiyo itahitaji reguleta ya 3.3. Moduli ya simu ya SIM800L inataka 3.4 hadi 4.4, imezaliwa kwa ajili ya betri hii hii, ila ikitafuta mtandao inavuta hadi ampea 2 kwa kishindo, na volti itaanguka kama waya ni mwembamba. Na kitu chochote cha volti 5 kisipeleke ishara kwenye pini za chipu inayokula 3.7. Pini haitaki zaidi ya nusu volti juu ya umeme wa chipu yenyewe. Hapo ndipo kuchoma kunakoanza kweli.

Boksi liwe jeupe, likae upande wa kivuli cha mzabibu, tundu la waya litazame chini. Chuma kwenye jua letu kinakuwa kikaango, na betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzi 45. Hamna haja ya paneli ya sola. Chajini shuleni kwa kibodi cha TP4056, mbadilishane betri mbili.

Kabla ya kwenda shambani, chukueni kopo la udongo wenye maji, chomekeni sensa, mlifunike kwa nailoni lisikauke. Someni na betri iliyojaa, kisha na iliyoshuka hadi 3.6. Volti ya sensa mnayoipata baada ya kurekebisha ikiwa ile ile mara zote mbili, pelekeni. Ikitofautiana, hesabu ya ile 1.1 ina kasoro, rudini kwenye multimita.